Habari za Allidina Visram, Mwenye Maduka

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za wanavyuoni wetu, waliofundisha na waliotunga, na wasomaji wetu wamezoea kuzisoma. Safari hii twaandika habari za mtu ambaye hakuwa mwanachuoni, wala hakuwa wa madhehebu yetu. Alikuwa Khoja Ismailia, mwenye duka. Hapana shaka wako watakaouliza imekuwaje hata akapata nafasi hapa. Jawabu letu ni hili: Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipohama Makka kwenda Madina alimwajiri kiongozi wa njia ambaye hakuwa Mwislamu kabisa, kwa kuwa mtu yule aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Ikiwa katika safari tukufu kama ile haikuwa aibu kuufuata ujuzi wa mtu asiye wa dini yetu, basi sembuse kuutazama ujuzi wa mfanyi biashara aliyeishi pwani hii hii yetu, akanunua na kuuza na babu zetu.

Na sababu nyengine iliyotutia kalamu mkononi ni hali tunayoiona Makongeni. Makongeni ni mtaa wa Thika, kando ya njia kuu iendayo Garissa, na jina lake lafahamika na kila ajuaye Kiswahili kuwa ni mahali pa mikonge. Thika ni mji wa viwanda. Watu wake wengi hulipwa mshahara mdogo, na mshahara mdogo hununua vitu vidogo vidogo: nusu kilo ya sukari, kibaba cha unga, mshumaa mmoja, kipande cha sabuni. Kwa hivyo kila kichochoro kina kibanda na kila kibanda kina wateja wake. Vijana wetu wa pwani nao hufika huko kutafuta riziki, wakafungua duka la nguo au la vyakula. Baadhi yao tumewaona wakifanikiwa, na baadhi yao tumewaona wakirudi Mombasa na madeni, duka limefungwa na jina limeharibika. Ndipo tukaona inafaa kuitazama tarehe ya mtu aliyefungua maduka mengi kuliko mtu mwengine yeyote wa zama zake katika Afrika ya Mashariki, tuone aliyafunguaje.

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika mji wa Kera, nchi ya Kachchh, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Kachchh ni nchi kavu, mvua zake haba, na watu wake tangu zamani wameitazama bahari kama shamba. Kila mwaka upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma majahazi yalitweka matanga kuja Unguja na Mrima, na kusi ilipokuja yakarudi. Katika jahazi moja la namna hiyo, mwaka 1863, alikuja Allidina akiwa mtoto wa miaka 12, hana mali. Aliteremka Bagamoyo. Zama hizo Sayyid Majid bin Said ndiye aliyekuwa akitawala Unguja na pwani yake, na Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara: misafara ya Unyamwezi na Ujiji ikifika hapo na pembe, ikirudi na nguo.

Watoto wetu wa miaka 12 leo twawahesabu wachanga, na ni sawa kuwahesabu hivyo, kwa kuwa mahali pao ni chuoni na skuli. Hatumsifu mtoto kuachishwa masomo. Lakini twataka msomaji aangalie jambo moja: mtoto huyu hakupewa mtaji, alipewa mwalimu. Aliingia katika kazi ya Sewa Haji Paroo, Khoja mwenziwe, aliyekuwa tajiri wa misafara pale Bagamoyo. Sewa Haji akiwatafutia wapagazi na bidhaa wote waliotaka kwenda bara, Waarabu, Waswahili na Wazungu. Katika kazi ile kijana alihitaji kujua mambo mengi ambayo hayamo katika kitabu: kabila gani lapenda ushanga wa rangi gani, merikani ya namna gani yakubaliwa Tabora na ipi yakataliwa, mpagazi abebe mzigo wa uzito gani, na ni nani katika watu wa bara aaminikaye kwa ahadi yake. Aliyekosea rangi ya ushanga alipeleka mzigo safari ya miezi mitatu akaurudisha vile vile.

Huyu Sewa Haji nasi tusimpite kimya. Alikuwa tajiri aliyejua kutoa. Alitoa jengo la skuli Bagamoyo kwa sharti kuwa isimbague mtoto kwa rangi yake, na sharti hilo aliliweka zama za utawala wa Wajerumani, ambapo si wengi waliothubutu kuweka masharti ya namna hiyo. Alitoa mali ya kujenga hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Mpaka leo katika hospitali ya Muhimbili liko jengo la wagonjwa liitwalo kwa jina lake, na wengi walalao humo hawajui Sewa Haji alikuwa nani.

Ama Allidina, alijitenga akaanza biashara yake mwenyewe katika miaka ya 1870, akipeleka misafara bara na kuleta pembe, nta na vitu vyengine vya huko. Baada ya kufa tajiri wake mambo mengi ya misafara yakamwangukia yeye. Alikuwa na matawi Dar es Salaam, Saadani, Tabora na Ujiji. Hapa insafu yatulazimisha kusema lisilopendeza. Biashara ya pembe ya zama zile haikuwa safi. Mizigo ilibebwa kwa mabega ya watu, wengi wao wakafa njiani, na njia iliyopitisha pembe ndiyo iliyopitisha watumwa. Walioshiriki katika njia ile walikuwa wa kila dini na kila rangi, na wazee wetu wa pwani wamo. Mwenye kuandika tarehe akaificha sehemu hii, ameandika nusu ya tarehe.

Kisha likaja jambo lililoigeuza biashara yote ya nchi hizi. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli Mombasa, na mwaka 1901 reli ikafika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Matajiri wengi wa misafara waliiona reli kama adui aliyekuja kuwanyang'anya riziki. Allidina aliiona kama msafara mpya usiohitaji wapagazi. Akahamishia nguvu zake Mombasa, na kila reli iliposonga mbele duka lake lilisonga nyuma yake. Maelfu ya wajenzi wa reli walihitaji unga, mchele, samli na nguo, naye akawauzia. Hata kabla reli haijafika ziwani alikuwa amekwisha fungua duka Kampala, na baadaye Jinja, Entebbe na miji mengine, akafika mpaka pande za Kongo na za mto wa Nili. Palipokuwa na kituo cha serikali, duka la Allidina lilikuwa halina budi kuwako. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Maduka yale yalikuwaje? Msomaji asidhani ni majumba. Mengi yalikuwa ya mabati, mbele pana ubao wa kuuzia na nyuma pana chumba cha kulala. Humo mlikuwa na merikani, kaniki, mablanketi, chumvi, sukari, viberiti, mafuta ya taa, nyaya za shaba na ushanga. Muuzaji akilala humo, akila humo, akijifunza lugha ya wenyeji hapo hapo ubaoni. Mkulima akija na ngozi, ufuta au pilipili akauza, kisha kwa fedha ile ile akanunua nguo. Duka moja lilikuwa soko la kuuzia na la kununulia. Katika sehemu nyingi za bara fedha ya sarafu ilijulikana kwanza ubaoni hapo, kwa rupia na senti, kabla haijajulikana mahali pengine, isipokuwa kwa mtoza kodi.

Na sasa twafika kwenye kiini cha habari hii, nacho ni deni. Nguvu ya Allidina haikuwa fedha taslimu. Ilikuwa mnyororo wa kuaminiana. Wenye meli na matajiri wa Mombasa na Bombay walimwamini yeye, wakampa bidhaa kwa muda. Yeye aliwaamini watu wake wa matawi. Watu wa matawi waliwaamini wenye vijiduka vidogo vya ndani kabisa, na mwenye kijiduka alimwamini mkulima mpaka msimu wa mavuno. Fedha zilipotakiwa kwenda mbali hazikubebwa katika mfuko. Iliandikwa hundi Kampala ikalipwa Mombasa. Pale ambapo benki zilikuwa hazijafika, hundi ya Allidina ilipokewa kama fedha. Hata maofisa wa serikali wa zama zile walimtegemea awapatie fedha za kulipia watu wao katika vituo vya mbali.

Mnyororo kama huo hauzuiwi na chuma, wazuiwa na daftari. Na hapa ndipo tunaposikitika sisi, kwa kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani tukufu ni aya ya kuandika deni, iliyomo katika Surat al-Baqara, nasi twaisoma kwa tajwidi, kisha twakopeshana kwa mdomo. Muulize mwenye kibanda yeyote katika ndugu zetu aliyefunga, utamkuta aghalabu hana daftari, au ana daftari asiyeweza kuisoma mwengine ila yeye. Mteja asema amelipa, mwenye duka asema hajalipa, ujirani wavunjika kwa mia mbili.

Twajua wapo watakaotuambia kuwa biashara ya deni ya wale matajiri ilichanganyika na riba. Hatukatai kuwa ilikuwamo. Lakini yapasa kupambanua, maana wengi wetu huchanganya mambo mawili. Kumuuzia mtu kitu kwa bei ya taslimu kumi, au kwa bei ya muda kumi na mbili, wakakubaliana juu ya bei moja kabla hawajaachana, hilo wanavyuoni wengi wamelijuzisha, kwa kuwa ni bei ya kitu. Ama deni likifika muda wake, mdeni akashindwa, akaambiwa apewe muda zaidi kwa kuongeza, hiyo ndiyo riba ya Majahili yenyewe iliyoharimishwa. Tofauti hii si ndogo. Ya kwanza ni biashara, ya pili ni kuila shida ya mtu.

Na leo hiyo ya pili haiji tena na mtu mwenye daftari. Yaja katika simu. Kijana wa Makongeni aamka asubuhi hana fedha za kununulia bidhaa, abonyeza simu, apata elfu mbili, na baada ya mwezi adaiwa zaidi ya alizochukua, akichelewa yaongezwa nyengine juu yake. Akopa kwa huyu kumlipa yule. Twajua kuwa hana mahali pengine pa kukopa, na hilo ndilo la kutia uchungu: msikiti umo mtaani, matajiri wamo safu ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kijana yule achukue gunia mbili za unga kwa bei ya muda mpaka mwisho wa mwezi. Allidina Visram, mtu ambaye hatumkubali katika itikadi, alikuwa akiwafanyia hivyo vijana wa jamaa yake. Aliwaleta kutoka Kachchh na pande za jirani, akawaweka dukani miaka kadha wa kadha, kisha aliyeonekana ana amana alipewa bidhaa kwa muda akaenda kufungua lake. Wengi waliokuja kuwa matajiri Uganda na Kenya walipitia ubaoni pake au kwa mtu aliyepitia ubaoni pake.

Walakini na hilo lilikuwa na aibu yake. Mlango ule ulifunguliwa kwa jamaa, haukufunguliwa kwa mwenyeji. Mwafrika alikuwa mteja, mchukuzi na mtumishi. Mara chache mno alipewa bidhaa kwa amana akawe mwenye duka. Baadaye serikali ya kikoloni ikatia sheria za kubana ukopeshaji kwa Waafrika, ikidai yawalinda, na mlango uliokuwa wazi kidogo ukafungwa kabisa. Nasi watu wa pwani tulikuwa wapi? Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alikwisha kuyaandika haya katika miaka ya 1930 katika magazeti yake ya Sahifa na al-Islah, akawaonya watu wetu juu ya kuuza mashamba, kufuja mali katika harusi na matanga, na kuidharau kazi ya duka. Wengine walimkasirikia. Ilikuwa fahari kwa mtu kuwa na jina la ukoo na kanzu nyeupe, na ilikuwa unyonge kupima chumvi. Ilhali Abdurrahman bin Auf, sahaba mtukufu, alipofika Madina hana kitu, akaletewa nusu ya mali ya ndugu yake, aliomba aonyeshwe soko liko wapi.

Turudi kwa mtu wetu. Alipoona biashara ya pembe yapungua hakungoja imfie mikononi. Aliingia katika mashamba na viwanda. Pamba ya Uganda ilipoanza kuuzwa ng'ambo mwaka 1904, alikuwa miongoni mwa walioinunua kwa wakulima, kisha akaweka vinu vya kuichambua. Alikuwa na viwanda vya kukamua mafuta ya ufuta na nazi, vya soda, na vya kutengeneza samani. Alikuwa na mikokoteni ya ng'ombe barabarani na vyombo vya matanga katika ziwa. Winston Churchill, aliyepita nchi hizi mwaka 1907 akiwa mkubwa katika wizara ya makoloni ya Uingereza, aliandika kitabu cha safari yake, na humo akakiri kuwa mfanyi biashara wa Kihindi ndiye aliyefika mahali ambapo Mzungu hakuweza kuishi. Hilo halikuwazuia wenzake kuwanyima Wahindi ardhi katika milima ya Kenya. Allidina pamoja na A. M. Jeevanjee walikuwa katika waliounda jumuiya ya Wahindi ya Mombasa mwaka 1900 ili kutetea haki zao.

Katika kutoa hakuwabagua watu kwa dini zao. Alisaidia skuli, hospitali na nyumba za ibada za watu mbali mbali. Inasemekana aliishi maisha ya kawaida, asiyependa kujionyesha.

Allidina Visram alifariki tarehe 30 Juni 1916, umri wake kama miaka 65, kwa homa aliyoipata katika safari ya Kongo. Mtazame msomaji: mzee wa umri huo, mwenye mali isiyohesabika, bado yuko njiani kwenda kutazama maduka yake kwa macho yake. Twaona hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya kusimama kwake, na ndiyo iliyokuwa sababu ya kuanguka kwa yale aliyoyajenga. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Yeye ndiye aliyejua nani apewe na nani asipewe, tawi lipi limechoka na lipi lina nguvu. Alipoondoka, ujuzi ule haukurithiwa, kwa kuwa ujuzi haumo katika mafungu ya mirathi.

Mwanawe Abdulrasul alichukua mahali pake. Nyakati nazo zikageuka. Baada ya vita vikuu vya kwanza bei ya pamba ilipanda kisha ikaanguka, na katika mwaka 1920 na 1921 serikali ikabadili fedha, rupia ikawa florini, florini ikawa shilingi, na kwa mwenye madeni mengi ya kulipa na ya kulipwa hilo lilikuwa tetemeko. Mwaka 1923 Abdulrasul naye akafariki, bado kijana. Miaka michache baadaye nyumba ile kubwa ya biashara ikavunjika, maduka yakachukuliwa na wengine, wengi wao wakiwa wale wale waliokuwa watumishi wake.

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, na nyuma ya reli yakaja maduka ya Wahindi kama ilivyokuwa ada. Baada ya uhuru, sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwaondoa wengi wasio raia katika biashara za mitaani, na maduka yakaenda kwa wenyeji. Kwa hivyo wanaouza Makongeni leo, Wakikuyu, Wakamba, Wasomali na hao vijana wetu wachache, ni kizazi cha kwanza na cha pili tu cha wenye duka. Baba zao wengi hawakuwahi kukaa upande ule wa ubao. Wasilaumiwe sana kwa kutojua mambo ambayo hawakurithishwa na mtu.

Kabla ya kufa kwake Abdulrasul alijenga Mombasa skuli kwa jina la baba yake, nayo ikafunguliwa mwaka 1923. Mwaka 1937 likasimamishwa sanamu la Allidina katika bustani iliyo karibu na hazina ya zamani, na sisi katika masanamu tuna rai yetu ijulikanayo. Ama skuli ile, zamani ilikuwa ya watoto wa Kihindi. Sasa ni ya watoto wote, na katika madarasa yake wamo watoto wa Kisauni, wa Likoni na wa Mji wa Kale.